Viungo yangu inateguka na mutoto ni mukubwa, nitazala namna gani?

Ukurasa wa maswali ya wasomaji: mimba na kuzala

SWALI

Jambo sana Mama mukunga, nakusoma kila mwezi na leo ni zamu yangu kuandika. Niko na miaka 28, nakaa Kadutu, niko na mimba ya miezi saba, ya pili. Ya kwanza nilizala 2021, kijana wa kilo 4 na grama 300, na siku ile sitaisahau juu wamama wawili balinishika miguu, kila mutu upande wake, banavutia mbali, na yule wa tatu anasema sukuma sukuma, mi nalia nasema nyonga inatoka, banasema vumilia, usifanye kitoto. Mutoto alitoka muzima, Mungu asifiwe, lakini mi nilitembea na fimbo miezi mine, na mupaka leo nikipanda ngazi za kwetu, unajua mwenyewe Kadutu ni mulima, kuna kitu inalia hapa mbele ku mufupa wa kinena.

Tangu utoto bega yangu inatoka bure tu, naweza kuanika nguo ikatoka, narudisha mwenyewe. Mwaka jana muganga wa kine, wa mazoezi ya viungo, alinipinda vidole, viwiko na magoti, akasema niko na ipelaksite, viungo inalegea kupita kiasi, ni kitu nilizaliwa nayo. Sasa ku ekografi, ile picha ya tumbo, banasema na huyu ni mukubwa. Mama mukwe anasema nikule mara moja kwa siku ili mutoto asinenepe, bwana yangu anasema bora banipasue tu yaishe, mi naogopa kisu na naogopa miguu. Na ku maternite nikitaja hii ugonjwa banacheka. Nifanye nini?

Mama ya kijana, Kadutu, Bukavu

JIBU

Mama ya kijana, pole sana, ile sehemu ya miguu nimeisoma mara tatu. Haukufanya kitoto. Mutu mwenye viungo kama yako akivutwa miguu pande mbili kwa nguvu, ile mufupa ya mbele inaweza kuachana kweli, na fimbo ya miezi mine inaonesha kama kitu iliumia pale. Kwa hiyo nianze na miguu, mutoto mukubwa tutamufikia.

Mwili wetu unashikwa na kamba, na ile kamba imetengenezwa na kitu inaitwa kolajeni. Kwako kolajeni ni kama elastike ya jupe ya zamani, inavutika lakini kurudi ni kazi. Yule wa kine alikupinda vidole juu kuna kipimo ya alama 9: kidole kidogo kurudi nyuma, kidole gumba kugusa mukono, kiwiko na goti kupita mustari, mara mbili mara mbili kwa kushoto na kuume, na ya mwisho ni kuweka viganja chini bila kukunja magoti. Mutu mukubwa akipata 5 na kupanda, banasema analegea. Wengine banakuwa na ipelaksite tu, wengine banaingia mu kundi ya Ehlers-Danlos, majina ya baganga wawili, Ehlers wa Denmark aliyeieleza 1901 na Danlos wa Ufaransa 1908. Tangu 2017 banahesabu aina 13. Mimba nayo inaongeza homoni, kati yake relaksini, inayolegeza kamba ili njia ifunguke, sasa wewe uliyelegea tayari unaongezewa tena, ndiyo maana ngazi za Kadutu zinakuliza.

Hapa nikuulize kitu moja na ujibu muganga wako siyo mimi: kwenu kuna mutu alikufa gafula akiwa kijana, mushipa kubwa ya damu kupasuka, ao mama aliyepasuka kizazi? Ngozi yako ni nyembamba hadi mishipa inaonekana, unavilia damu kwa kuguswa kidogo? Kama ndiyo, hiyo ni aina ingine, ya mishipa, ni nadra lakini ni hatari sana ku mimba, na lazima uende hospitali kubwa yenye baganga ba kuopereshwa leo, usingoje mwezi wa nane. Kama hapana, uko kama wengi, na wengi banazala vizuri.

Sasa kazi ya wiki hii. Omba metre kwa fundi nguo. Lala chali ku kitanda, magoti ikunjwe, miguu chini, fungua magoti polepole mupaka pale maumivu inaanza, kisha rudisha kidogo, na bwana yako apime toka goti hadi goti. Hiyo sentimetre iandikwe ku fishi yako ya CPN, ile ya kupimwa mimba, kwa kalamu nyekundu, na chini yake: "Viungo inalegea. Miguu isivutwe kupita hapa. Mugonjwa asizalie chali na miguu juu." Banaweza kucheka ku maneno ya mudomo lakini fishi yenye muhuri wa muganga hawaicheki. Umwombe yule wa kine akuandikie karatasi fupi, na uipeleke sasa, mwezi wa saba, juu usiku wa uchungu hakuna mutu atasoma historia yako.

Siku yenyewe uzalie upande, ulale kwa ubavu na mutu akushikilie muguu wa juu bila kuvuta, ashikilie tu uzito wake, ao upige magoti na mikono chini kama mwenye kupangusa nyumba. Kama bega inatoka haraka usijitegemeze ku mikono muda murefu, weka kifua juu ya mito ao juu ya kiti. Na kama banakuchoma sindano ya mugongo angalia zaidi, hapo hausikii kitu, bega ao nyonga inaweza kutoka na usijue mupaka dawa iishe, kwa hiyo bakugeuze pole na miguu yote miwili ende pamoja. Tena useme kama ganzi ya kwa dentiste ilikataa kukushika, juu kuna wengi wenu ganzi ya kawaida haibashike vizuri, na ni vibaya sana mama kushonwa huku anasikia kila kitu halafu anaitwa muoga.

Bon, mutoto mukubwa.

Kwanza mama mukwe, kwa heshima yake yote, hapana. Kukula mara moja kwa siku hakutampunguza mutoto vile anavyofikiri, kutakupunguza wewe, na wewe ndiye mwenye damu itakayotoka. Kula maharagi, kula sombe, kula sambaza ile ya ziwa, punguza tu soda na beignet na chai ya sukari mingi. Lakini kuna swali ya kweli nyuma ya ile ya mama mukwe, nayo ni sukari. Mama aliyezala kilo 4 na zaidi anapaswa kupimwa diabete ya mimba, unakunywa grama 75 za glikozi na banatoa damu mara tatu: ukifika 92 (mg/dl) bila kukula, ao 180 nyuma ya saa moja, ao 153 nyuma ya masaa mawili, hata moja tu kati ya hizo inatosha kusema ndiyo. Inafanywa zaidi kati ya wiki 24 na 28, wewe uko pale pale ao umepita kidogo, nenda. Kama sukari ikitunzwa vizuri, mutoto naye anaweza kupunguza mwendo.

Ekografi isikutishe kupita kiasi. Inakosea, asilimia 10 hadi 15 ni kawaida, mutoto wanayemuita kilo 4 anaweza kutoka 3,4 ao 4,6. Wamama banapasuliwa juu ya kilo ambazo hazikuwapo.

Kwa hiyo kupasuliwa? Bwana yako anasema kwa upendo lakini kisu si njia ya mukato kwako. Ngozi yenu inapona polepole, kovu inapanuka, nyuzi inafaa zikae siku zaidi kuliko kwa wengine, na bado kuna kuinuka kitandani na tumbo yenye jeraha huku mabega haibebe. Baganga wengi banafikiria operasio ya kupangwa kama mutoto anakadiriwa kilo 5, ao kilo 4,5 kama mama ana diabete. Chini ya hapo, na wewe uliyekwisha kuzala wa 4,3 kwa njia ya kawaida, mi ningeomba uzale kawaida, lakini mahali penye operasio karibu, siyo ku kasentre ka afya ka chini ya kilima kwenye kama kitu ikiharibika banaanza kutafuta gari. Kama nyonga imeachana kabisa ao muganga ameona kingine, atakuambia, msikilize kuliko mimi.

Kitu inayotutia woga sisi wakunga kwa mutoto mukubwa siyo kichwa, ni bega. Kichwa kinatoka na bega inakwama nyuma ya mufupa wa kinena, na hapo ni dakika zinahesabiwa. Njia ya kwanza tunayofundishwa ni kukunja magoti ya mama mupaka ku tumbo. Nakuambia ukweli: hiyo inaweza kukuumiza nyonga, na kama mutoto amekwama bataifanya na ni lazima baifanye, maisha ya mutoto inatangulia. Lakini kama uko tayari kwa magoti na mikono, mara mingi bega inajifungua pale pale, ile njia inaitwa Gaskin, kwa jina ya mukunga wa Marekani Ina May Gaskin, naye aliipata toka kwa wakunga wa Guatemala. Kitu moja ambayo haipaswi kufanywa hata kidogo ni mutu kukupandia tumbo na kusukuma toka juu. Ukimuona anakuja, bwana yako aseme hapana.

Damu: mutoto mukubwa anachosha kizazi, na kolajeni legevu inaongeza, kwa hiyo uliza mapema kama bako na oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, kwa friji, inachomwa yuniti 10 pale tu mutoto anatoka, na kama bako na asidi traneksamiki, dawa ya kusimamisha damu, ile inasaidia ikichomwa ndani ya masaa 3 ya kwanza nyuma ya kuzala. Hayo maulizo siyo dharau, mukunga muzuri atayafurahia.

Na utoke nyumbani mapema. Wenye viungo legevu wengine banazala haraka kabisa, chini ya masaa 3 toka uchungu wa kwanza, na mvua ya Bukavu ikinyesha usiku pikipiki haipande mulima. Uchungu ukianza hata kidogo, ama maji ikipasuka mbele ya wakati, nenda, bora ukae ku banc ya maternite kutwa nzima.

Kwa sasa, mupaka siku ile, kunja kikwembe iwe mukanda na ufunge chini, usawa wa nyonga pale muguu unapoanza, siyo kiunoni, ikaze vya kutosha ukitembea. Ngazi panda moja moja, muguu wenye nguvu ndio utangulie. Lala na muto kati ya magoti. Bidon ya lita 20 ni kilo 20, usiibebe tena, na nyuma ya kuzala pia usiibebe wiki nyingi, hapo nawaambia bwana na mama mukwe moja kwa moja: hiyo ndiyo musaada anayohitaji, kuliko mashauri. Ukifungwa tumbo nyuma ya kuzala ifungwe na mutu mwenye huruma, na wale wa kukanda na maji ya moto basiminye.

SWALI YA PILI

Mama, mi ni baba, Goma. Bibi yangu ana hiyo ya viungo kulegea, amezala wiki mbili zilizopita kijana wa kilo 4 na grama 600. Mutoto naye analegea kama kitambaa. Ameirithi?

JIBU

Baba, hongera na pole pamoja. Ku aina zinazoonekana zaidi, mutoto anaweza kurithi nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu, lakini kwa wiki mbili hakuna mutu anaweza kusema kwa hakika, batoto bote banalegea kidogo. Muganga amukague nyonga sasa, na bafanye ekografi ya nyonga akifika wiki 4 hadi 6. Kumubeba mugongoni miguu wazi huku na huku, vile mama zetu banavyofanya, ni nzuri kwa nyonga yake, lakini umubebe wewe ao shangazi, mama mugongo wake upone. Usimuinue kwa kumuvuta mikono yake, muingize kiganja chini ya matako na kingine nyuma ya kichwa.

Angalia tena mukono: mutoto mukubwa ambaye bega ilikwama anaweza kuumia mishipa ya fahamu ya shingo, na mukono mumoja ukabaki chini hausogei wakati mwingine unasogea. Na kama huo ulegevu unaambatana na kunyonya vibaya, kulala sana bila kuamuka kunyonya ao kutetemeka, inaweza kuwa sukari imeshuka ao ugonjwa ingine. Hapo hauningojei toleo ijayo, unamufunga mu kikwembe na unaenda hospitali sasa hivi.