Obijekti Iliyoachiwa Mapema: Somo Nililolipata Kivukoni

Programu yangu ya iOS (mfumo wa simu za iPhone) ya bei za dagaa na sangara, niliyowaandikia wafanyabiashara wa soko la Mwaloni, Kirumba, haikuwahi kujifunga yenyewe ghafla nilipoijaribu nyumbani. Ilijifunga kivukoni. Mtumiaji aliyekuwa akivuka kutoka Mwanza kwenda Kamanga alifungua ukurasa wa bei, akasubiri mtandao hafifu wa katikati ya maji, akachoka, akarudi ukurasa wa nyuma. Jibu la seva lilipowasili, programu nzima ikatoweka.

Ripoti ilionyesha EXC_BAD_ACCESS, yaani kosa la kugusa kumbukumbu isiyoruhusiwa, ndani ya objc_msgSend, ambayo hupeleka ujumbe kwa obijekti (kipande cha programu kinachokaa kwenye kumbukumbu, kama vile ukurasa) na ni sehemu ya mfumo wenyewe na si mstari niliouandika, nami nikapoteza siku 3 nikiulaumu mfumo. Nilikuwa nikichunguza mahali programu ilipofia, ilhali swali lilikuwa ni nani aliyeiachia obijekti, na nani bado anashika anwani yake. Isitoshe, nafasi iliyoachwa kwenye kumbukumbu huweza kupewa obijekti nyingine, kwa hiyo leo programu hujifunga, kesho hulalamika kwamba obijekti ya maandishi imeletewa ujumbe isioujua, na keshokutwa hufanya kazi vizuri kabisa.

Ninashauri uanze kwa kuwasha NSZombieEnabled, mpangilio wa kunasa obijekti zinazoitwa baada ya kuachiwa. Obijekti inayostahili kuondolewa hubakizwa kama msukule (wazee wetu wa Usukumani wangelielewa jambo hili upesi kuliko mimi), na ikiitwa hutaja aina yake na ujumbe iliotumiwa. Msukule wangu ulikuwa ukurasa wa bei. Aliyeuita alikuwa kipakuzi cha data, ambacho niliandika sifa yake ya delegate (rejeo la obijekti ya kupelekewa taarifa) kwa neno assign. ARC, utaratibu wa kuondoa obijekti isiyoshikwa tena, uliokuja mwaka 2011, huhesabu marejeo yenye nguvu tu, yaani yale yanayoishikilia obijekti isiondolewe. Rejeo la assign halihesabiwi, wala halifutwi obijekti inapoondoka. Nilipoweka neno weak badala yake, ukurasa ulipoondoka rejeo likawa nil (tupu), na katika lugha ya Objective-C ujumbe unaotumwa kwa nil haufanyi kitu.

Usisambaze programu ukiwa umeacha misukule imewashwa, kwa kuwa kumbukumbu haitarudishwa kamwe. Kwa kumbukumbu ya lugha ya C, ambayo misukule haiioni, tumia Address Sanitizer, chombo cha kunasa matumizi mabaya ya kumbukumbu, iliyomo katika Xcode (programu ya Apple ya kuandikia programu) tangu toleo la 7. Punguza pia kasi ya mtandao kwa makusudi, kisha fungua na kufunga kurasa kwa haraka.

Siku hizi ukurasa ukifungwa ninafuta na ombi lenyewe, maana bando la mchuuzi halipaswi kuliwa na jibu ambalo hakuna atakayelisoma.