Kuchoma diski ya kiuno kwa joto: uliza haya kwanza

Pole sana, dada. Miaka mitatu ya kiuno, hata kukaa kwenye daladala ni mateso, na sasa umeshauriwa diski, kile kisahani laini kati ya mifupa ya uti wa mgongo, ichomwe kwa joto.

Hupasuliwi. Waya hupitishwa kwenye sindano hadi ndani ya diski, ukapashwa polepole mpaka nyuzi joto 90 hivi, kama dakika 16. Unakuwa macho ili useme maumivu yakishuka mguuni. Nafuu huchukua wiki kadhaa, na wengine hawaipati kabisa, tafiti zimegongana. Usiuze shamba bado!

Muulize daktari amejuaje ni diski hiyo. Picha ya MRI (kipimo cha sumaku) peke yake haitoshi: diski zilizochakaa huonekana hata kwa wasioumwa. Mimi miezi minne ya fiziotherapia (tiba ya mazoezi) ilinisaidia.

Ukipata ganzi sehemu za siri, mkojo ukigoma au mguu ukilegea, nenda hospitali siku hiyohiyo.