Kona ya mashuti ya hoki ya barafuni uani: anza nyuma ya goli, sakafu baadaye

Mkuu, umeuliza kama umwage zege uani ili kijana wako wa miaka 11 apige mashuti wakati rinki, yaani viwanja vya barafu, zimefungwa kiangazi. Niko Edmonton, Kanada, wanangu wanacheza, na kona kama hiyo ninayo. Zege liache kwanza. Pesa yako ya mwanzo iende nyuma ya goli.

Puki, kisahani kinachopigwa badala ya mpira, ni raba ngumu ya gramu 156 hadi 170, na goli lina upana wa futi 6 na kimo cha futi 4 tu. Mtoto anayejifunza atalikosa sana. Hata Sidney Crosby, nyota wa hoki wa Kanada, alipokuwa akijifunzia chumba cha chini kwao Cole Harbour, aliibonda mashine ya mama yake ya kukaushia nguo mpaka ikawa maarufu kuliko wachezaji wengi. Basi simama atakaposimama kijana, utazame mbele: kuna dirisha la jirani? Gari? Mita ya gesi? Uzio wa mbao wa kawaida usiutegemee, mbao zake nyembamba zitapasuka. Geuza goli hata kama mama watoto atasema limeharibu sura ya bustani.

Kwangu, nyuma na pembeni ya goli kuna plaiwudi ya milimita 19, kimo futi 4. Juu yake wavu wa nailoni unaofika mita 3 na kuvuka goli mita 2 hivi kila upande. Usiukaze. Ukiulegeza kama chandarua, puki inazama humo na kudondoka. Ukiukaza, inamrudia mpigaji. Ufunge kwa kapi uweze kuushusha kabla ya theluji, maana theluji mbichi ikigandia kwenye nyuzi inapindisha nguzo. Na kabla hujachimba mashimo ya nguzo, piga simu waje kukuonyesha mabomba na nyaya zilizofukiwa. Kwetu Alberta, jimbo lenye Edmonton, huduma hiyo ni bure.

Kelele nayo si ndogo. Plaiwudi tupu inalia mtaa mzima, na majirani wa huku hawaji kugomba mlangoni, wanapiga simu manispaa. Tundika zulia kuukuu au mkeka wa raba mbele yake, ukiacha nafasi ya vidole viwili katikati.

Sasa sakafu. Watu wengi hutandika kuanzia mpigaji mpaka golini, gharama bure. Shuti la kifundo cha mkono, la kuiburuta puki kwa gongo kisha kuirusha, linateleza hatua moja au mbili, kisha puki iko hewani. Huko mbele majani yanatosha. Anaposimama mpigaji, bamba moja la plastiki nyeupe ngumu, futi 4 kwa 8, ndilo barafu yake; lilazwe juu ya plaiwudi, chini yake fremu ya mbao kwenye kokoto zilizoshindiliwa. Liinamishe kidogo, sentimita moja kwa kila mita, maji yatoke. Zege huku linapasuka ardhi ikiganda na kufura, na ukihama hulibebi.

Jambo moja ambalo muuzaji hatakwambia: plastiki hiyo inatanuka na kusinyaa vibaya. Kati ya baridi ya Januari na jua la Julai, bamba la futi 8 linaweza kutofautiana karibu sentimita 2. Toboa matundu ya skrubu mapana kuliko skrubu yenyewe, usikaze mpaka mwisho, la sivyo litavimba katikati.

Umbali usikusumbue. Uani kwako umesema kuna mita 10. Weka bamba mita 6 hivi kutoka golini, karibu sawa na futi 20 zilizopo kati ya mstari wa goli na alama za pembeni za kuanzishia mchezo rinkini. Taa ifungwe nyuma ya mpigaji, iangalie chini. Desemba huku jua linazama saa kumi na robo jioni, bila taa hatapiga kitu baada ya shule.

Tuwekee hapa vipimo vya upana na upande jua linapozamia, tukushauri goli likae wapi.