Maswali yenu: Mungu anapofunga agano

Barua nyingi za juma hili zinahusu maagano. Nimechagua tano.

Bwana asifiwe, Mwalimu. Katika Mwanzo 15 Abramu anachinja wanyama na kuwapasua vipande viwili. Kwa nini Mungu alimwagiza jambo la namna hiyo? (Msomaji, Mbeya)

Amina. Sura hiyo wengi huiruka, nami husikitika, kwa sababu ni vigumu kupata mahali pengine katika Agano la Kale panapotuonyesha Mungu waziwazi kiasi hicho. Abramu, ambaye baadaye aliitwa Ibrahimu, alikuwa ameuliza atajuaje kwamba atairithi nchi. Akaambiwa alete ndama, mbuzi na kondoo, kila mmoja wa miaka mitatu, pamoja na hua na mwana njiwa. Wale watatu akawapasua, akaweka vipande vikielekeana.

Hivyo ndivyo watu wa zamani zile walivyoapiana. Anayepita katikati ya nyama anasema kwa mwili wake: nikivunja neno langu, yanipate yaliyompata mnyama huyu. Soma Yeremia 34 uone. Siku za mfalme Sedekia, wakuu wa Yuda walipita kati ya vipande vya ndama wakiahidi kuwaacha huru watumwa wao Waebrania, kisha wakageuka wakawarudisha utumwani. Mungu akawaambia kwamba atawatia mikononi mwa adui zao, na mizoga yao italiwa na ndege.

Sasa rudi kwa Abramu. Jua linakuchwa, usingizi mzito unamshika, na kinachopita kati ya vile vipande ni tanuru ya moshi na mwenge unaowaka. Abramu hapiti. Mungu anapita peke yake, anajitwika kiapo chote. Waebrania 6 inasema aliapa kwa nafsi yake, kwa kuwa hakuna aliye mkubwa kuliko yeye. Na sisi tunaoisoma sura hiyo tukiwa tunaujua Msalaba tunaona zaidi: adhabu ya mvunja agano ilimwangukia yule ambaye hakulivunja. Kama kuna sura moja ya Mwanzo ningependa kila darasa la kipaimara lisome polepole, ni hii.

Mwaka 2024 maji yalisomba mashamba yetu. Ile ahadi ya upinde wa mvua iko wapi? (Msomaji, Rufiji)

Pole sana, wewe na majirani zako. Agano la Mwanzo 9 linasema gharika haitakuja tena kuharibu dunia yote na kila chenye mwili. Halikuahidi kwamba mto hautavunja kingo zake, na anayewaambia waliofurikiwa kuwa wangekuwa na imani zaidi shamba lingepona anawaongezea jeraha.

Angalia pia Mungu alifunga agano hilo na nani. Alitaja Nuhu na wazao wake, halafu akataja ndege, mifugo na hayawani wa mwituni. Ni agano na uhai wote. Kwa hiyo usharika unaolinda msitu wa chanzo cha maji uko ndani ya agano la Nuhu kabisa, na natamani jambo hili lihubiriwe mara nyingi zaidi kuliko linavyohubiriwa. Na usharika wenye akiba ya chakula, huku jirani aliyefurikiwa analala njaa, una deni.

Ibrahimu alipewa tohara kuwa ishara ya agano. Je, Mkristo lazima atahiriwe? (Msomaji, Kisumu)

Hapana. Mitume walilikata shauri hilo Yerusalemu, Matendo 15. Paulo anakumbusha katika Warumi 4 kwamba Ibrahimu alihesabiwa haki kabla ya kutahiriwa. Alipotahiriwa alikuwa na miaka 99. Ukitahiriwa kwa mila ya kwenu au kwa sababu za afya, ni sawa, lakini haikusogezi karibu na Mungu.

Kwa nini kwenye Meza ya Bwana tunasikia maneno "damu ya agano"? (Msomaji, Bukoba)

Yanatoka Sinai. Katika Kutoka 24 Musa aliinyunyiza nusu ya damu madhabahuni, akawasomea watu kitabu cha agano, nao wakasema watatii. Ndipo akawanyunyizia damu iliyobaki. Baadaye wazee 70 wakapanda mlimani pamoja na Musa na Haruni, wakamwona Mungu, wakala na kunywa. Agano liliishia kwenye chakula. Yesu naye alikuwa mezani alipokichukua kikombe na kuyasema maneno hayo.

Shikamoo Mwalimu. Mtumishi mmoja ameniambia biashara yangu haiendi kwa sababu babu yangu alifunga agano na mizimu, na kwamba nitoe sadaka maalumu ili alivunje. Nitoe? (Msomaji, Dodoma)

Marahaba. Usitoe hata shilingi.

Fungua Yeremia 31. Aya ya 31 inaahidi agano jipya, na wahubiri wengi wanaijua kwa moyo. Lakini anza kusoma kutoka aya ya 29. Watu walikuwa na msemo kwamba baba wamekula zabibu kali na meno ya watoto yakatiwa ganzi. Nabii anasema msemo huo utakoma. Kila mtu atabeba uovu wake mwenyewe. Ezekieli 18 inasema vivyo hivyo, kwa urefu. Agano jipya linatangazwa aya mbili tu baada ya kuzikwa ule msemo ambao mtumishi huyo anataka kukuuzia upya.

Sisemi kwamba mambo ya babu hayana uzito. Kuna nyumba zinazorithi hofu, ulevi na ugomvi wa mashamba, na hayo yanahitaji maombi na mazungumzo ya muda mrefu. Kama umeshiriki matambiko mwenyewe, tubu. Ila uhuru wako ulishalipiwa. Katika Mwanzo 15 hata Abramu hakutakiwa kuchangia kiapo, seuze wewe kwa noti zako za mtaji. Mwombe mchungaji wa usharika wako na mzee mmoja wa kanisa waje nyumbani waombe nawe, kisha mketi mpitie daftari la biashara pamoja.