Kujifunza gari la gia za mkono kabla ya mashindano

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba wewe na dada yako, mnaoishi Marekani, mmeomba kushiriki The Amazing Race, kipindi cha televisheni ambamo timu hushindana kuzunguka dunia, ilhali mmezoea magari ya otomatiki tu, nawe unauliza kama inafaa kujifunza gari la gia za mkono kabla ya kupata majibu.

Inafaa, tena anzeni sasa. Mashindano hayo yameonyeshwa tangu mwaka 2001, na watazamaji wamekwisha kuona timu nyingi zikikwama ugenini kwa gari linalozima kila linapoondoka. Anayekwenda leo bila kuijua klachi, yaani kanyagio la mguu wa kushoto la kubadilishia gia, kwa kweli, hana wa kumlaumu.

Jifunzeni nyote wawili. Katika uwanja tambarare, ingizeni gia ya kwanza, kisha achieni klachi polepole bila kukanyaga mafuta, hadi mlio wa injini ushuke na gari litetemeke kidogo: hapo ndipo mguu hutulia kabla ya kuongeza mafuta. Mkishazoea, hamieni kwenye mwinuko, mkiishusha breki ya mkono pale tu gari linapoanza kuvuta mbele. Msiisahau rivasi, kwa maana katika baadhi ya magari ya Ulaya haiingii mpaka uinue pete iliyo chini ya kitasa cha gia, au ukididimize kitasa chenyewe. Mkipelekwa Uingereza, gia zitakuwa mkono wa kushoto, ingawa klachi hubaki mguu uleule.

Shule nyingi za udereva huko kwenu Marekani hufundishia otomatiki, kwa hiyo ulizieni mapema yenye gari la gia za mkono.