Jibu: Jirani analisha tumbili kila asubuhi, nimshtaki wapi?

Ndugu yangu wa Nakuru, kabla sijakujibu niungame: jirani wa aina hiyo nilikuwa mimi. Naishi Milimani, Kisumu, si mbali na hifadhi ya wanyama ya Impala Sanctuary, na tumbili wa huku hawajui ua wala geti. Nilianza na ndizi mbili zilizoiva kupita kiasi. Watoto wakafurahi kumwona tumbili akijaza vifuko vya mashavu halafu akikimbilia mwembeni kutafuna kwa raha zake. Baada ya wiki chache walikuwa kumi na mmoja, na dume lao (lile la korodani za buluu, ukiliona hulisahau) likawa linagonga dirisha la jikoni nikichelewa.

Kilichonizindua ni msaidizi wetu wa nyumbani. Alikuwa akitoka dukani na mkate, dume likamrukia, likampokonya na kumng'ata mkononi. Tukaosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha hospitali, sindano za kichaa cha mbwa. Yeye hakuwahi kumpa tumbili hata punje ya mahindi. Mlishaji nilikuwa mimi, aliyeng'atwa akawa yeye.

Sasa swali lako. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imegawa kazi: kulinda wanyamapori ni kwa serikali ya kitaifa, ndiyo maana kuna KWS, shirika la taifa la wanyamapori; taka na udhibiti wa wanyama ni kwa kaunti. Kwa hiyo una milango miwili. Tumbili akishambulia watu, piga ripoti KWS. Mabaki yakimwagwa nje kila siku, hiyo ni taka, nenda kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti. Singapore wamelifupisha: tangu Juni 2020 kulisha mnyamapori bila idhini ni kosa, faini hadi dola 5,000 za huko kwa mara ya kwanza. Huku kwetu kulisha wanyama kumekatazwa ndani ya mbuga, lakini kwa jirani aliye nyumbani kwake utahitaji maneno mengi zaidi.

Ila tafadhali, asije mtu akakushauri sumu. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 itakugeukia wewe, siyo mlishaji. Nimesikia watu wakiitaja sumu kwa sauti ya mzaha, lakini macho hayacheki.

Kwangu kilichosaidia ni pipa la taka lenye kifuniko kilichofungwa kwa mpira wa tairi, wavu dirishani, na maembe kuokotwa kabla hayajaoza. Miezi miwili ya kwanza ilikuwa vita: walivunja vigae viwili na kung'oa waya wa antena. Usidhani mambo yameharibika wakizidi ukali, wanadai walichozoea.

Na kabla ya kupeleka barua popote, kaa na jirani yako jioni moja. Mimi ningeambiwa mapema, kwa chai, ningeacha.