CT scan ikiwa safi, msikimbilie kurudi nyumbani

Mama aliamka kwa ajili ya swala ya alfajiri, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia hauinuki. Hospitali ya kwanza akapigwa CT scan, yaani picha za eksirei za ubongo, tukaambiwa ubongo uko safi, tukapewa dawa za presha. Tukarudi nyumbani tukimshukuru Mungu. Siku ya tatu, hospitali nyingine, MRI, mashine ya picha inayotumia sumaku kali, ikaonyesha doa jeupe pee upande wa kushoto wa ubongo: kiharusi.

Mashine siilaumu. CT hutangulia kwa sababu inaona damu iliyovuja, na hilo lazima lijulikane kabla ya dawa ya kuyeyusha bonge la damu. Ila mshipa ukiziba, saa za mwanzo CT mara nyingi haioni kitu. Anayeona ni picha moja ya MRI iitwayo DWI, inayofuata maji yanavyotembea ndani ya ubongo. Seli ikikosa damu hushindwa kutoa chumvi nje, inavimba, na maji yanakwama. Yalipokwama ndipo panang'aa. Picha yenyewe ni ya dakika chache tu. Kwa hiyo mgonjwa akipooza ghafla na CT ikawa safi, ulizeni waziwazi: DWI tutaipata wapi? Nayo si malaika. Kiharusi kidogo cha shina la ubongo huweza kuipita.

Ninachojutia mimi ni saa. Muuguzi aliuliza mara ya mwisho mama alionekana mzima saa ngapi, nikajibu, "Tumemkuta hivi saa kumi na moja." Hakuuliza hivyo! Mpwa wangu alimpelekea maji saa tisa usiku wakaongea vizuri, ila nani humuuliza mtoto? Dawa ya kuyeyusha bonge kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Tungekuwa na hadi saa moja na nusu asubuhi. Na kama hakuna aliyeona, bado kuna njia: mwaka 2018 utafiti wa WAKE-UP, uliofanyika Ulaya, ulionyesha kwamba DWI iking'aa huku picha nyingine ya MRI, FLAIR, haijaonyesha kitu, kiharusi bado ni kibichi na dawa inaweza kusaidia.

Halafu chuma vueni nyumbani, maana sumaku ya MRI hukivuta. Mama alitolewa pini za ushungi moja moja mlangoni, tisa kwa hesabu yangu. Ya kumi ilionekana ameshalazwa kwenye kitanda cha mashine.